Nani Alipe Nauli ya Mgeni?

Msikilizaji, mwezi Oktoba mwaka 2008 timu tano za kriketi zilishuka Dar es Salaam kwa mashindano ambayo sehemu kubwa ya mji huu haikupata hata habari zake. Yalikuwa mashindano ya daraja la nne ya ligi ya dunia. Mwenyeji alikuwa Tanzania, na wageni wake Hong Kong, Italia, Jersey, Fiji na Afghanistan. Mechi zilichezwa Gymkhana, uwanja wa Annadil Burhani na Leaders Club pale Kinondoni, mahali ambapo mtu akitoka Kariakoo anafika kabla jasho halijakauka. Afghanistan iliifunga Hong Kong kwenye fainali, ikabeba kombe, ikaondoka. Mwezi Juni mwaka 2017, yaani chini ya miaka tisa baadaye, Afghanistan hiyohiyo ilipewa hadhi ya kucheza testi, ile kriketi ya siku tano inayohesabiwa kuwa kilele cha mchezo wenyewe. Mwaka 2018 ilikuwa Bengaluru ikicheza na India testi yake ya kwanza, ambayo ilimalizika kwa kipigo katika siku mbili tu. Mwaka 2019 ilikwenda Chittagong ikaishinda Bangladesh nyumbani kwake. Mwaka 2024 ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi fupi, ile ya ova ishirini. Tanzania, iliyokaa nayo daraja moja juu ya nyasi zetu wenyewe, haijacheza testi hata moja, na wala hakuna anayekaa akiitarajia. Ukiuliza sababu utapewa majibu mengi: fedha, viwanja, hamasa, viongozi. Yote yana ukweli ndani yake. Lakini leo nataka kutetea jibu moja ambalo husahaulika kwa kuwa linaonekana kama jambo la tiketi na pasipoti tu, nalo ni ziara. Kriketi huishi kwa kutembeleana, na utaratibu wa kutembeleana umepangwa kwa namna ambayo mdogo hatembelewi, na akitembelea anarudi mikono mitupu.

Kwa msikilizaji ambaye mchezo wake ni mpira wa miguu, inafaa nieleze tofauti, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mwezi Mei mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Waalgeria walikuja Dar es Salaam tarehe 28 Mei wakashinda mabao mawili kwa moja. Wiki iliyofuata Yanga ikaenda Algiers ikashinda moja bila, kombe likapotea kwa kanuni ya bao la ugenini. Iliuma. Lakini angalia jambo moja: USM Alger hawakuulizwa kama wanapenda kuja. Kanuni iliwaleta. Kadhalika RS Berkane wa Morocco mwaka 2025 walipangiwa kuja kwa Simba kwa mechi ya marudiano, wakafika Amaan, Zanzibar, wakacheza. Katika soka neno ugenini limefungwa kamba na neno nyumbani. Nikija kwako, nawe utakuja kwangu, uwe Al Ahly au uwe nani. Ziara ya testi haiko hivyo. Timu ya taifa hufunga safari ya mwezi mmoja au miwili, ikacheza mechi mbili, tatu, hata tano za siku tano tano katika miji tofauti ya nchi moja, na nani aende kwa nani hupangwa kwa makubaliano ya bodi mbili. Mwenye nguvu huchagua mgeni wake. Mwenye nguvu pia huchagua nani hatamtembelea kamwe, na wala hahitaji kutoa sababu. (Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe, mgeni wa testi hulishika tangu asubuhi ya kwanza, na siku ya tano bado analima.)

Sasa tuje kwenye fedha. Kwa desturi ya mchezo huu, bodi mwenyeji huchukua mapato ya milangoni, ya matangazo ya televisheni na ya wadhamini, na mgeni hujilipia nauli yake. Desturi hiyo ilikuwa na haki ndani yake zamani, kwa sababu mgeni wa leo alikuwa mwenyeji wa kesho: England ikienda Australia, Australia ilikuwa njiani kuja England, na kila mmoja alivuna zamu yake. Lakini haki hiyo inategemea zamu irudi. Isiporudi, au ikirudi katika nchi ambayo haki zake za televisheni haziuziki ghali, basi mgeni amefanya kazi ya bure katika duka la mtu mwingine. Mwezi Mei mwaka 2025 Zimbabwe ilikwenda Trent Bridge, Nottingham, kucheza testi moja na England, ya kwanza kati yao tangu mwaka 2003. Ilifungwa kwa ingizo zima na mbio 45, ndani ya siku tatu. Jambo kubwa la ziara ile, hata hivyo, halikuwa kwenye ubao wa matokeo. Bodi ya England ilikubali kuwalipa Zimbabwe ada ya kuzuru, kitu ambacho kwa miaka mingi wakubwa walikuwa wakikikwepa. Wengine waliiita hisani. Mimi naiita kulipa bili iliyochelewa.

Mfanyabiashara wa Kariakoo halihitaji somo hili, kwa sababu analiishi. Mnunuzi anayetoka Lusaka, Lilongwe, Lubumbashi au Moroni kuja kufunga mzigo mtaa wa Congo au Msimbazi hatendewi kama mpita njia. Anaonyeshwa gesti, anatafutiwa msafirishaji, anapunguziwa bei, anawekewa mzigo stoo hadi gari lipatikane. Hakuna anayeona kwamba huko ni kumpendelea, maana kila mwenye fremu anajua kuwa bila mgeni huyo nusu ya shughuli ya mtaa inalala. Mwezi Mei mwaka 2023 maduka ya Kariakoo yalipofungwa kwa mgomo, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kukutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja, miongoni mwa vilio vilivyosikika ni kamatakamata ya kodi inayowasumbua wateja na mizigo yao barabarani. Kilio kile kilikuwa na hesabu ndani yake: mteja akikereka leo, kesho anafungia mzigo wake Kampala au anaagiza moja kwa moja Guangzhou. Waswahili waliliweka kwa maneno manne, mgeni njoo, mwenyeji apone. Uwanja wa kriketi bila mpinzani ni bustani yenye ua, na anayeleta mpinzani ndiye anayeleta nusu ya bidhaa inayouzwa pale getini.

Kuna wakati wageni walikuja kwetu. Mwaka 1958 timu ya Waafrika Kusini wasio weupe, ambao serikali yao iliwakataza kuiwakilisha nchi, ilizuru Afrika Mashariki ikiongozwa na Basil D'Oliveira, kijana wa Cape Town ambaye jina lake tutalirudia. Mwaka 1963 ilikuja MCC, klabu ya London ambayo wakati huo ndiyo iliyopeleka timu za England ng'ambo. Mwaka 1967 ikaja timu ya India. Kwa hiyo mwaka 1975, Kombe la Dunia la kwanza la wanaume lilipochezwa England, haikuwa ajabu kuona Afrika Mashariki imealikwa, timu moja iliyochanganya Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia chini ya nahodha Harilal Shah. Ni mwaka uleule ambao soko jipya la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa. Timu ile ilicheza mechi tatu katika wiki moja. New Zealand iliifunga kwa mbio 181 pale Birmingham, Glenn Turner akipiga peke yake 171 bila kutolewa. India iliitoa kwa mbio 120 pale Leeds na kuzifikia bila kupoteza wiketi. England ikamalizia kwa mbio 196. Mtu akitaka kusema kwamba hatukustahili, ushahidi wake ni huo, na ni mzito. Lakini swali langu ni kuhusu mwaka 1976, na 1977, na 1978. Baada ya mtihani ule wa kwanza, mwanafunzi alipewa masomo gani? Hakupewa ziara ya testi hata moja. Alipewa mashindano ya kufuzu kila baada ya miaka kadhaa, na katikati ya hapo alirudi kucheza na jirani yake. Kenya ikajitoa mwanzoni mwa miaka ya themanini ikajitegemea, waliobaki wakaendelea kama Afrika Mashariki na baadaye Afrika Mashariki na Kati, hadi mwaka 2001 Tanzania ilipopata uanachama wake yenyewe katika Baraza la Kimataifa la Kriketi.

Hapa nirudi kwa D'Oliveira, kwa sababu kisa chake ndicho ushahidi wangu mkubwa kuliko wote, na bahati ni kwamba nchi yetu iliushika ushahidi huo kwa mikono yake. Miaka miwili baada ya kutoka Afrika Mashariki D'Oliveira alihamia England, na mwaka 1966 akaanza kuichezea timu ya taifa ya huko. Agosti 1968 alipiga mbio 158 dhidi ya Australia pale The Oval. Kwanza aliachwa kwenye kikosi cha kuzuru Afrika Kusini, kisha akaingizwa mwenzake alipoumia, na Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, Vorster, akasema wazi kwamba timu hiyo haitapokelewa. Ziara ikafutwa. Mwaka 1970 ziara ya Afrika Kusini kwenda England nayo ikafutwa, baada ya maandamano na baada ya nchi za Afrika kutishia kuisusia Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh. Afrika Kusini ilikuwa imetoka kuifunga Australia mechi nne kwa sifuri, na wengi waliihesabu kuwa timu bora duniani. Haikucheza testi nyingine hadi Aprili 1992, pale Bridgetown, Barbados. Miaka ishirini na miwili. Na sisi hatukuwa watazamaji. Mwaka 1976 Tanzania iliungana na nchi za Afrika kususia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikizuru Afrika Kusini, na Filbert Bayi, aliyekuwa ameshika rekodi ya dunia ya mita 1500 tangu Christchurch mwaka 1974, hakukimbia. Ziara ya timu ya mchezo ambao hatuuchezi ilitugharimu pengine medali ya mchezo tunaouweza. Tuliilipa gharama hiyo kwa kuwa tulielewa kitu: kumnyima mtu mgeni ni adhabu, na ni adhabu inayouma. Watawala wa Pretoria walivumilia maazimio mengi ya Umoja wa Mataifa wakiwa wametulia, lakini walihangaika sana walipokosa mtu wa kucheza naye.

Basi fuata mantiki hiyo hadi mwisho wake, msikilizaji. Ikiwa kunyimwa ziara ni adhabu kali kiasi cha kutumiwa dhidi ya ubaguzi wa rangi, basi Kenya, Uganda na Tanzania wametumikia adhabu ya Afrika Kusini pasipo kosa la Afrika Kusini. Hakuna aliyewahukumu. Hakuna azimio lililopigiwa kura. Wameachwa tu nje ya ratiba, na matokeo juu ya mchezo ni yaleyale: vijana hawapati wa kupimana naye, watazamaji hawapati sababu ya kuja, wadhamini hawapati cha kudhamini. Na wale wanaosema haiwezekani kumlipa mgeni wamesahau kilichotokea katika miaka hiyohiyo ya kutengwa. Kati ya mwaka 1982 na 1990 Afrika Kusini ilizikaribisha timu za waasi kutoka England, Sri Lanka, West Indies na Australia, ikawalipa wachezaji fedha nyingi kiasi kwamba baadhi yao walikubali kufungiwa maisha kwao. Ziara zile zilikuwa aibu, sina neno jingine la kuziitia. Lakini zilithibitisha kwamba mwenyeji akibanwa na njaa ya mgeni, nauli hupatikana haraka.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Kenya. Mwaka 1996 pale Pune Kenya iliitoa West Indies kwa mbio 93, kwenye Kombe lake la kwanza la Dunia ikisimama peke yake. Mwaka 2003 iliifunga Sri Lanka jijini Nairobi, ikafika nusu fainali na kucheza na India pale Durban. Katika mashindano yaleyale New Zealand ilikataa kusafiri kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama, Kenya ikapewa pointi za chee. Wapo waliofurahia pointi zile, na ni haki yao, ila mimi naona zilikuwa ishara mbaya, kwa kuwa zilieleza kwa ufupi miaka iliyokuwa inakuja: Kenya ingepewa karibu kila kitu isipokuwa mgeni. Mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya nusu fainali ya Kombe la Dunia, ilicheza mechi mbili tu za siku moja za hadhi ya kimataifa. Mbili! Ombi lake la hadhi ya testi lilibaki kuwa ombi, na mwaka 2014 hata hadhi ya mechi za siku moja ikaondoka. Nitaambiwa kwamba Wakenya walijimaliza wenyewe, na sitabisha kwa yale yanayojulikana: viongozi waligombana, wachezaji waligoma, na Maurice Odumbe alifungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa kuhusiana na wacheza kamari. Ila nauliza: nchi gani ya kriketi haijapata ugomvi wa viongozi? Pakistan imeupata, Sri Lanka imeupata, West Indies imekuwa nao kama ndugu wa ukoo. Hao walivuka kwa sababu ratiba ya ziara iliendelea kuwashika mkono hata pale nyumba ilipokuwa inavuja. Kenya ilipoteleza haikuwa na ratiba ya kuidaka.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la ubora. Mechi ya timu kubwa na ndogo, watasema, haina maana. Itamalizika siku ya pili, televisheni hazitainunua, na mdogo mwenyewe atavunjika moyo. Hilo ni kweli kwa mwaka wa kwanza na wa pili. Kriketi yenyewe ina majibu ya miaka inayofuata. New Zealand, ambayo leo hakuna anayeidharau, ilicheza testi yake ya kwanza mwaka 1930 na kuonja ushindi wa kwanza mwaka 1956. Miaka ishirini na sita ya kutembeleana na kupigwa. Bangladesh ilipewa hadhi mwaka 2000, ikachekwa, ikashinda mechi yake ya kwanza Januari 2005 baada ya majaribio thelathini na manne. Wapo waliotaka ivuliwe. Mwaka 2016 iliishinda England, mwaka 2017 Australia, Januari 2022 ikaishinda New Zealand huko huko New Zealand, na mwaka 2024 ikaenda Pakistan na kushinda mechi zote mbili. Hakuna kilichobadilika katika damu ya Wabangladeshi kati ya mwaka 2000 na 2024. Kilichotokea ni ziara, msimu baada ya msimu, za kwenda na kurudi. Kariakoo ina jina kwa gharama ya namna hii: anayekwenda China mara ya kwanza kufunga mzigo hurudi na hasara, na wenzake humwambia amelipa ada ya shule. Safari ya pili haibebi kosa lilelile. Tofauti yake na timu zetu ni kwamba timu zetu zimelipa ada ya safari ya kwanza, kisha mlango wa shule ukafungwa.

Mwingine atasema siku za testi zimekwisha, dunia imehamia ova ishirini, na huko Tanzania inacheza vya kutosha. Ni kweli kwamba inacheza, na inacheza vizuri kuliko wengi wanavyojua. Wanawake wetu walitwaa Kombe la Kwibuka mjini Kigali mwaka 2019 na tena 2022. Vijana wasiozidi miaka 19 walifuzu huko Lagos mwaka 2025 kwenda Kombe la Dunia la rika lao, lililopangwa kuchezwa Zimbabwe na Namibia mwaka 2026. Wanaume walifika nusu fainali ya kufuzu Kombe la Dunia la ova ishirini pale Harare mwaka 2025, wakatolewa na Namibia. Lakini tazama sura ya safari zote hizi: timu kadhaa zinakusanywa mji mmoja, zinacheza kila siku ya pili kwa siku kumi, mmoja anafuzu, wengine wanapanda ndege. Huo ni mtihani. Shule yenye mitihani mitupu bila vipindi darasani haijawahi kuonekana, labda kwenye kriketi ya nchi ndogo. Ziara ndiyo darasa. Mrushaji anayekutana na mpigaji huyohuyo mara sita ndani ya wiki tatu, katika viwanja vitatu tofauti, hulazimika kufikiri upya. Ujanja wake wa Jumatatu umeshajulikana Alhamisi. Mpigaji anayetakiwa kukaa uwanjani saa tano, jua la mchana likigeuka kivuli cha jioni, anajifunza kitu ambacho ova ishirini hazina nafasi ya kukifundisha. Sidai Tanzania ipewe testi kesho. Nasema mechi za siku tatu au nne, dhidi ya timu ya pili ya nchi kubwa, zirudiwe kila mwaka. Hapo ndipo timu hutengenezwa.

Sasa niguse lile linalosemwa kwa sauti ya chini: kriketi si mchezo wetu, ni wa Wahindi na Wazungu, basi tuwaachie. Neno hili lina historia iliyochorwa kwenye ramani ya mji huu. Waingereza walipoushika mji baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia waliugawa kwa kanda: Uzunguni upande wa baharini, Uhindini katikati, na Kariakoo, kambi ya zamani ya wapagazi wa jeshi iliyoupa mtaa jina lake, ikawa ya Waafrika. Kati ya Uhindini na Kariakoo walisafisha ardhi ikabaki tupu, kwa kisingizio cha afya, na uwanda huo ndio Mnazi Mmoja. Kati ya Uzunguni na Uhindini napo palikaa viwanja vya Gymkhana. Kriketi ilitoka Gymkhana ikaingia Uhindini, ikashika mizizi Upanga na Kisutu kwenye viwanja vya jumuiya, na kwa miongo mingi ikasimama pale Mnazi Mmoja kama mtu anayesubiri kuvushwa. Ng'ambo ya pili Yanga na Simba walikwishajaza mitaa tangu miaka ya thelathini. Kwa hiyo nakubali kosa letu: kabla ya kuwalaumu wa London na Mumbai kwa kutotutembelea, sisi wenyewe hatukutembeleana umbali wa mtaa mmoja. Lakini Mnazi Mmoja umevukwa. Soma orodha za timu za miaka ya karibuni: Abhik Patwa yupo, na wapo Kassim Nassoro, Ivan Selemani, Salum Jumbe, Ally Kimote, na kwa wanawake, Fatuma Kibasu. Majina hayo hayaniambii kwamba huu ni mchezo wa kabila moja la watu. Yananiambia kwamba kizazi kimevuka kwa miguu yake, na kimefika ng'ambo kimekuta ratiba haina nafasi yake.

Kuhusu viwanja, sitabishana sana. Havitoshi, na kimoja kikiharibika vinabaki viwili. Ila Afghanistan, mgeni wetu wa 2008, kwa miaka mingi imewapokea wageni wake Sharjah na kwenye viwanja vya kuazima India, kwa kuwa kwao haikuwezekana. Ni kweli pia kwamba wachezaji wake wa mwanzo walijifunza mchezo kwenye kambi za wakimbizi Pakistan, shule ambayo hakuna anayemwombea jirani yake. Bado ukweli ni kwamba walipata nyumba ya kukopa na wageni wa kuwatembelea. Wala fedha hazijakosekana duniani. Katika mgao wa Baraza la Kimataifa uliopitishwa mwaka 2023, India peke yake ilitengewa takribani asilimia 38.5 ya mapato. Nchi washirika, ambazo ni zaidi ya tisini na Tanzania imo, zikagawana kwa pamoja kama asilimia 11. Nauli ya timu moja ya pili kuja Dar es Salaam kwa wiki tatu katika hesabu hiyo haionekani hata ukivaa miwani.

Nami sisemi waje kwa huruma, kwa sababu tuna kitu cha kuwauzia. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua za monsuni zinainyeshea sehemu kubwa ya India, Bangladesh inaogelea, na wachezaji wa akiba wa nchi hizo hutafuta mahali pa kuchezea hadi Australia kaskazini. Miezi hiyohiyo kwetu ni kipupwe: anga kavu, upepo wa bahari, nyasi ngumu, jua lisiloua mtu. Ndege inayotoka Mumbai kuja hapa haipiti nusu siku angani. Mababu wa wafanyabiashara wengi wa mtaa wa Indira Gandhi na Jamhuri walisubiri kaskazi iwalete kwa jahazi na kusi iwarudishe, wakapanga maisha yao yote kwa pepo hizo mbili. Ratiba ya ziara zijazo za kriketi hupangwa kwa miaka minne minne, mezani, na watu wenye kalamu. Ndani yake Julai na Agosti ya Dar es Salaam ni kurasa nyeupe.